Nilipaka Hina Nipate Pa Kukaa

Najua kabisa, hii stori ikifika mwisho utaniona bwege. Sawa tu. Bora nikuhadithie mwenyewe kuliko uisikie kwa yule binti msusi, maana yeye akiisimulia huwa ananiongezea machozi. Mimi sikulia. Macho yalikuwa yanawasha kwa dawa.

Kwanza ujue kazi yangu. Mimi namwagilia. Kule Mtumba, kwenye majengo ya serikali, kuna miti midogo na nyasi zimepandwa, na Dodoma unaijua: kiangazi kikikolea ardhi inakuwa ngumu kama tofali la kuchoma. Nyasi haziwezi kuishi pale kwa nguvu zao, zinaishi kwa nguvu zangu. Asubuhi nafungua maji, natembea na mpira, watu wa ofisini wanashuka kwenye magari na vitambulisho shingoni, wananipita. Si kwamba wana roho mbaya. Mtu akikuona umeshika mpira wa maji anachokiwaza ni viatu vyake. Msimamizi wangu ndo huwa ananisemesha. Ananiambia, "Hapa pakavu." Akirudi baadaye ananiambia, "Hapa umezidisha." Basi, hayo ndo maongezi yetu.

Chumba nimepanga upande wa Chimwaga, kwenye nyumba ya wanafunzi wa chuo. Mimi shule nimeishia darasa la saba, lakini kwenye nyumba ile usomi haukunisumbua, maana kamba ya kuanikia nguo tulikuwa tunagombania sawa. Huyu anapiga muziki, yule anaunguza vitunguu, jirani yangu wa ukutani anagombana na mpenzi wake kwenye simu mpaka mimi nayajua makosa ya huyo mpenzi kuliko anavyoyajua mwenyewe. Nilikuwa nalalamika. Nalala nimejifunika mto kichwani nalaani elimu ya juu.

Halafu chuo kikafungwa. Wakaondoka na mabegi yao, mmoja mmoja, wananiachia ndoo na jiko wanasema nitumie. Nyumba nzima nikabaki mimi na mjusi. Mwenye nyumba anakaa mjini huko. Nikitoka kazini Jumamosi mchana, mpaka Jumatatu asubuhi mdomo wangu ulikuwa wa kulia ugali tu.

Utaniuliza, kwenu je? Kwetu Bahi, si mbali. Lakini mama alishafariki, na pale nyumbani anakaa kaka na mke wake na watoto, na kwenye kitanda changu walishaweka magunia ya mpunga. Hawajanifukuza. Nikienda wanafurahi, wananichinjia kuku, halafu usiku nalala na magunia. Ukilala na magunia siku mbili unajua mwenyewe kwamba nyumba imeshakusahau.

Sasa kuna Jumapili moja umeme wa luku ukaisha. Zamani tulikuwa tunachangiana, sasa nimchangishe nani, mjusi? Simu ikazima. Nikatoka nayo, nikapita barabarani nikiangalia wapi nitachomeka, nikaona saluni ya kina dada, pazia la maua mlangoni, ndani kuna taa.

"Hodi."

"Karibu, kaka. Umemfuata nani?"

"Sijamfuata mtu, dada. Naomba nichaji simu."

Mwenye saluni alikuwa dada mmoja wa hapahapa mjini, Muislamu, mtandio kaufunga nyuma, mikono imejaa dawa ya nywele. Akanionyesha kwa kidevu. "Chomeka hapo kwenye waya wa draya. Ikitoa cheche chomoa."

Nikachomeka, nikakaa kwenye benchi kuilinda simu. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, kapakwa hina kichwa kizima, kafungwa nailoni, ametulia kama chungu kilichofunikwa. Mi mdomo wangu haujui kukaa bure.

"Shikamoo, mama. Unaiva?"

Akanigeukia taratibu. "Marahaba, mwanangu. Naiva. Bado chumvi."

Wakacheka. Dada akacheka, na yule binti msusi, mtoto wa miaka yangu hivi, mdomo mkali, akacheka mpaka akaangusha kitana. Chumba chenyewe kidogo, kicheko hakikuwa na pa kwenda, kikanipiga kifuani. Ndo nikagundua sijasikia mtu anacheka karibu yangu tangu wale wa chuo waondoke. Nikaongeza kichekesho kingine, na kingine. Nilikuwa nakula vicheko pale, bwana, kwa mdomo huohuo wa ugali.

Halafu binti msusi akaangalia simu yangu. "Kaka, simu yako imeshiba."

Ningemwambia nini? Nikachomoa, nikashukuru, nikatoka. Nje jua kali, barabara nyeupe, hamna hata mbwa.

Wiki ile yote nikiwa na mpira wa maji nilikuwa napiga hesabu moja: mwanaume anakaaje saluni ya wanawake bila kufukuzwa? Huwezi kwenda kila Jumapili na simu imezima, watajua unaizima makusudi. Lazima uwe mteja. Na mteja lazima awe na nywele. Nikajishika kichwani. Zilikuwepo, za kawaida, hazijawahi kumkosea mtu.

Jumapili nikaenda.

"Dada, hapa kwenu kitu gani kinachukua muda mrefu?"

"Muda mrefu? Watu huwa wananiuliza bei."

"Mi nauliza muda."

Wakatazamana na binti msusi. "Rasta ndogondogo zinachukua kutwa nzima," dada akasema. "Ila kwa nywele zako hizi hata njiti ya kiberiti hatuwezi kusukia."

"Baada ya rasta?"

"Hina. Ukitaka ikolee vizuri unakaa nayo mpaka jua linapoa."

"Basi nipake hina."

Binti msusi akapiga makofi. "Ee! Unaoa?"

"Natafuta wa kunioa."

Ndo nikapakwa. Dada alikuwa ameikoroga na maji ya chai na ndimu, baridi, inanuka kama majani yaliyolowa mvua. Akaanza kisogoni, anapaka kwa vidole, anagawanya nywele, anarudi. Tangu mama afariki hakuna mtu aliyekuwa amenishika kichwa, ukimtoa kinyozi, na kinyozi anakishika kama papai analotaka kununua. Dada akauliza, "Umelala?" Nikamwambia nasali.

Wakanifunga nailoni, nikakaa. Hiyo ilikuwa Jumapili, bwana! Nilitumwa maandazi nikaenda na nailoni yangu kichwani, wauza duka wakanishangaa, nikawapungia mkono kama mbunge. Nikashika kioo kidogo wateja waone visogo vyao. Nikasikia habari za mume wa mtu ambaye simjui, nikamchukia kabisa. Dada alipokwenda kuswali alasiri alituachia saluni mimi na binti msusi, akasema, "Angalieni hapa." Angalieni. Na mimi nimo.

Jioni wakaniosha. Rangi ikatoka nyekundu ya kutu.

Kazini ndo wakanifungulia mdomo. Mlinzi wa getini akaniinamia. "Shikamoo, mzee wangu," maana mjini pale hina ya namna hiyo wengi wameizoea kwenye ndevu za wazee. Msimamizi akanizunguka mara moja. "Wewe wa Bahi, hayo maji yamekuotesha kutu?" Nikacheka nao. Nilifurahi kwa kweli, siku zile nilikuwa nasalimiwa. Lakini siku ya tatu msimamizi akanifuata hana utani. Kuna wageni wakubwa wanakuja, akasema, hicho kichwa akikute cheusi.

Jioni ile nikapita dukani nikanunua hina nyeusi, ile ya pakiti ya unga. Nikakoroga kwenye sahani, nikapaka mwenyewe nimekaa kwenye ndoo, na maji ya ugali yalikuwa hata hayajachemka nimeshamaliza. Nikaosha. Kichwa cheusi kama tairi jipya. Nikakaa pale na taulo shingoni, nyumba kimya, ndo akili ikanijia. Rangi ingetakiwa kubadilishwa Jumapili, saluni, na maandazi, na habari za yule mume. Mimi nimeimaliza peke yangu katikati ya wiki. Nimeila Jumapili yangu.

Basi nikaanza kutunga nyingine. Binti msusi alikuwa ameniambia kuna vijana wa chuo huwa wanakuja kuunganishiwa dread, za bandia wanaziunga na za kwao, kazi ya siku mbili, na zikishaota kidogo lazima mtu arudi kukazwa. Kukazwa! Yaani zipo nywele ambazo zenyewe zinakudai urudi. Nikapanga mambo yangu vizuri: kwanza nibadilishe rangi iwe kahawia, ya heshima, hata msimamizi asiione, nywele zikirefuka kidogo rasta, zikirefuka zaidi dread za kuunganisha mpaka mabegani. Nilikuwa namwagilia huku najishika mabega. Miaka miwili ya Jumapili nilikuwa nayo kichwani, na hakuna hata siku moja niliyojiuliza kama dread zitanipendeza.

Jumapili nikaingia na kofia.

"Mbukwa, Mgogo wangu," dada akanisalimia kwa salamu ya kwetu, anaitamka kimjini. "Leo simu au kichwa?"

"Kichwa. Nataka rangi. Kahawia."

Nikavua kofia. Akasogea, akanigeuza shingo, akanusa kabisa.

"Hii mbona nyeusi? Umepaka nini juu ya hina yangu?"

Hapo ndo nilipoharibu. Ningesema ukweli, nilijua atakachosema, maana nilishamsikia akimwambia mteja mwingine: nenda nyumbani, ziache ziote, rudi baada ya miezi. Mimi nilichosikia ni hilo la nenda nyumbani.

"Sijapaka kitu, dada."

"Hina yangu haijawahi kuwa nyeusi hivi."

"Jua la Mtumba. Na kichwa cha Kigogo kinanywa rangi."

Yule mama wa hina alikuwepo, safari hii kaja kuosha tu. Akaniangalia kwa muda.

Dada hakuridhika, lakini nilimchekesha na kumchekesha mpaka akakoroga dawa. Akapaka. Nikakaa kwenye benchi langu, nikamuuliza binti msusi yule mume wa mtu amefikia wapi, akaanza kunisimulia. Kidogo nikasikia joto.

"Dada, inachemka."

"Inachemka kama nini?"

"Kama mchuzi."

"Acha utani wako."

"Dada, huu si utani."

Akaja, akaweka kiganja, akakitoa mbio. Akanivuta mkono mpaka kwenye beseni, akanimwagia maji, ndoo juu ya ndoo, mengine yakaniingia puani. Nikainua kichwa. Mikono ya dada ilikuwa hewani. Binti msusi kajiziba mdomo.

"Imekuwa kahawia?" nikauliza.

"Kijani," binti akasema. Halafu akashindwa. "Si anamwagilia nyasi huyu! Zimeota!"

Akaanguka kwenye benchi kwa kicheko, na mimi nikacheka, nakwambia ukweli, nilicheka sana, nikaona hata hii si mbaya, hii itazungumzwa hapa mwezi mzima na mimi nitakuwepo. Nikamgeukia dada acheke na yeye. Alikuwa anaangalia kiganja chake. Nywele zangu zilikuwa kiganjani, fungu zima, zimekatika kama nyuzi za gunia lililooza.

"Umepaka nini juu ya hina yangu?"

Nikamwambia. Ya pakiti, nyeusi, ya dukani.

"Mle wanatia madawa, hujui? Ukiweka na hii yangu inawaka." Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Kichwa kingetoka vidonda, ungesema nani amekuunguza? Watu wangesema saluni gani? Hapa ndo nakula mimi na wanangu. Nilikuuliza, kaka. Nimekuuliza mara ngapi?"

Binti msusi akaacha kucheka.

"Kwa nini hukusema?" dada akauliza.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi hata. Lakini ukilisema mbele za watu huwezi tena kurudi kuwa yule wa kuchekesha. Nikazuga.

"Basi dada, tusuke rasta juu yake tufunike. Za kuunganisha. Nina nafasi leo."

"Tuzishikishe wapi, kaka?" binti akauliza. "Masikioni?"

Utani ulikuwa mzuri, lakini aliutoa kwa sauti ya kunionea huruma, na utani wa huruma haunogi. Dada alikuwa ameshageuka anatafuta mafuta. Akanipaka kichwani polepole, palipokuwa pamewaka. Vidole vilevile vya siku ya hina. Akanifunga kitambaa chake mwenyewe.

"Nenda hapo ng'ambo kwa kinyozi. Azitoe zote. Leo usilale na hiyo dawa."

Nikavuka barabara. Kinyozi alikuwa anasikiliza mpira kwenye redio. Nikavua kitambaa, akaona kijani, hakuuliza.

"Zote?"

"Zote."

Hata goli halikufungwa, nimeshamaliza. Nikatoka na upara unachomwa na jua, nikasimama. Ng'ambo pale pazia la maua linapepea, nasikia sauti zao ndani, sisikii wanasema nini. Kitambaa cha dada kilikuwa mkononi. Nikasema nakipeleka. Halafu nikasema mtu mwenye upara anaingia saluni kufanya nini? Nikakikunja, nikaondoka nacho. Kule kutorudi nilikuwa nakuita aibu. Nikakifua, nikakianika peke yake kwenye ile kamba ndefu.

Jumapili zilizofuata nilizipitisha kwa nguvu. Luku nikanunua mwenyewe, simu imejaa, hakuna anayepiga. Nilifua hata nguo safi. Jumapili moja nilitembea mpaka Mtumba na si zamu yangu, mlinzi akaniuliza nimesahau nini, nikamwambia nimekuja kuangalia kama mti fulani umeshika. Akaniangalia kichwani, akaniangalia miguuni, akasema sawa. Nikazunguka ule mti. Ulikuwa umeshika.

Nywele zikaanza kutoka, kama msasa. Kila asubuhi nilikuwa nazipima kwa kiganja. Nilijiambia zikifika urefu wa kushikika nitarudi, nitabisha hodi, nitasema nimekuja kusukwa. Kwa mwendo ule, chuo kingefungua, kikafunga tena.

Siku hiyo nilikuwa genge la barabarani, nachagua nyanya, nikamwona dada anakuja na kikapu. Nisingeweza kukimbia. Pembeni kulikuwa na mlundo wa matikiti, nikachuchumaa nyuma yake, nikaona kichwa changu pale kitajichanganya.

"We kaka! Toka huko. Tikiti halina masikio."

Nikasimama. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kimepona?"

"Kimepona."

"Lete."

Nikainamisha kichwa palepale gengeni, watu wanapita. Akanipapasa, akabonyeza palipokuwa pameungua, akaridhika. Nikamwambia kitambaa chake ninacho, kisafi. Akasema hakumbuki kitambaa. Akaanza kuchagua nyanya, anazigeuza moja moja.

"Mbona huji?"

"Nitakuja, dada. Nasubiri nywele."

"Nywele za nini?"

Nikajaribu kutafuta kichekesho. Siku zote huwa kipo, hata msibani kipo. Hakikuja. Akaendelea na nyanya zake, haniangalii, akanisemesha kama anayeongea na nyanya.

"Siku ile ya kwanza, ulipochomoa simu yako ukatoka, yule mama wa hina alituambia, huyu mtoto hana watu. Mi nikambishia kabisa. Nikamwambia mama, mtu anachekesha vile atakosaje watu?"